Nyasi za farasi ziuzwe kwa kilo, si kwa robota

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie mjadala wa gharama za kuwalisha farasi. Waliotangulia kuandika wamelalamikia kupanda kwa bei ya nyasi kavu, na malalamiko yao nayaelewa, kwa kuwa mimi pia ni mfugaji na kila mwisho wa mwezi mfuko wangu hutoboka kama yao. Hata hivyo, nimezisoma barua zao bila kukuta hata moja inayouliza swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililopaswa kutangulia: bei hiyo inayolalamikiwa ni bei ya nini? Kila mmoja ametaja bei ya robota, na robota si kipimo. Ni furushi tu lililofungwa kwa kamba, likakazwa au likalegezwa kadiri mwenye mashine alivyopenda.

Hilo nililijua kwa hasara. Kwa miaka kadhaa nilinunua nyasi kwa muuzaji mmoja ambaye sina haja ya kumtaja, marobota yake yakiwa na bei nafuu kidogo kuliko ya wenzake, nami nikijiona mjanja. Siku moja saisi wangu, mtu asiye na maneno mengi, aliniambia kwamba marobota ya siku hizi anayabeba mawili kwa mpigo, moja kila mkono, na hachoki. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Tulining'iniza mizani ya kulabu kwenye boriti ya ghala, tukapima marobota 10 tuliyoyachomoa huku na huku katika rundo, si yale ya juu peke yake. Zito kuliko yote lilikuwa na kilo 16, jepesi kuliko yote kilo 12, na wastani wake ukawa kilo 14. Miaka yote hiyo nilikuwa nikipiga hesabu zangu kwa kilo 20, kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa siku ya kwanza na sikuuliza tena.

Farasi hali marobota, anakula kilo. Farasi mzima huhitaji kwa siku malisho yenye uzito mkavu, yaani uzito unaobaki maji yakiondolewa, wa takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili wake. Mwenye kilo 500 basi anahitaji kilo 10, na kwa kuwa hata nyasi zilizokauka vizuri bado hubaki na maji kama asilimia 12, inabidi awekewe kilo 11 na ushee kila siku. Hizo ni kilo 340 kwa mwezi, na kwa mwaka ni zaidi ya tani 4. Anayenunua marobota ya kilo 20 atahitaji 17 kwa mwezi. Anayenunua ya kilo 14, kama nilivyokuwa nikifanya bila kujua, atahitaji 24 na bado yatapungua kidogo. Ni marobota saba ya ziada kila mwezi kwa farasi mmoja, nami nilikuwa nao watatu. Ikiwa bei ya marobota ya aina hizo mbili ni sawa, basi kila kilo ya lile jepesi ni ghali kwa asilimia 43, na unafuu niliokuwa nikijivunia haukufika hata asilimia 10.

Huenda msomaji akauliza atajuaje uzito wa farasi wake, maana mizani ya kumpandisha farasi haipatikani kirahisi. Utepe wa fundi cherehani unatosha. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu wa mwili kuanzia ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, halafu gawanya kwa 11,880. Farasi mwenye mzunguko wa sentimita 190 na urefu wa sentimita 165 atakupa kilo 501. Ni makadirio, lakini ni makadirio bora kuliko ya macho, kwa sababu macho ya mwenye farasi humpendelea farasi wake.

Uzito nao una hila yake, na hapa nawaomba wanaodai mizani wasikimbilie kushangilia. Maji yana uzito, na muuzaji anayefunga nyasi kabla hazijakauka anakuuzia maji kwa bei ya nyasi. Robota la kilo 20 lenye maji asilimia 12 lina kilo 17.6 za malisho. Lenye maji asilimia 22 lina kilo 15.6. Na hasara haiishii hapo. Nyasi zikifungwa zikiwa na maji yanayozidi asilimia 18 hadi 20, ukungu huanza kazi yake ndani kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Niliwahi kukata kamba za robota ambalo kwa nje lilikuwa na rangi ya kijani ya kupendeza, nikapenyeza mkono katikati na kukuta joto kama la mkate uliotoka tanuri. Nilipolifunua, vumbi jeupe lilifuka, na farasi jike aliyekuwa karibu alianza kukohoa kabla sijalisogeza. Farasi anayelishwa vumbi la namna hiyo kila siku hupata maradhi ya kifua yanayofanana na pumu, na gharama ya kumwita daktari wa mifugo haimo katika bei ya robota. Ghala nalo haliko salama: rundo lililofungwa bichi hujipasha moto lenyewe, na joto la ndani likipita nyuzi 65 za Selsiasi hatari imeanza, likipita 80 huenda moto tayari unafukuta.

Kwa hiyo mnunuzi apime, lakini pia afungue. Robota moja au mawili yakatwe kamba mbele ya muuzaji, mkono uingizwe katikati, na pua ifanye kazi yake. Nyasi njema hunukia shamba, hazinuki uvundo wala hazinuki tumbaku. Ziangaliwe majani na mashina. Nyasi zilizochelewa kukatwa, zikakomaa hadi kutoa mbegu ngumu, huwa na mabua mengi yasiyomeng'enywa vizuri, na mwenye kuzinunua kwa bei ya chini hulazimika kufidia kwa nafaka, ambayo kilo kwa kilo kwa kawaida ni ghali zaidi. Lusini, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, ina protini nyingi kuliko nyasi za kawaida na humfaa sana jike anayenyonyesha, ila farasi asiye na kazi nzito hana sababu ya kulipiwa anasa hiyo kila siku.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ya bei yenyewe ni ushauri niliousikia kwa wafugaji wawili watatu, kwamba bei ikipanda basi kipimo cha nyasi kipunguzwe hadi hali itengemae. Nawasihi wasifanye hivyo. Tumbo la farasi ni dogo kwa mnyama wa umbo lile, nalo hutoa asidi mchana na usiku, awe amekula au hajala. Mate yanayopoza asidi hiyo hutoka anapotafuna tu. Akiachwa saa nyingi bila kitu cha kutafuna, vidonda vya tumbo humpata, ataanza kuguguna mbao za banda, na msokoto wa tumbo haupo mbali. Farasi, ikumbukwe, hawezi kutapika, kilichoingia hakirudi. Kiwango cha nyasi kisishuke chini ya asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku, na hata kwa farasi mnene anayetakiwa kupunguzwa mwili, ni vizuri kumshirikisha daktari wa mifugo kabla ya kumshusha.

Penye pa kupunguza ni chini ya kwato zao. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nikiwarushia nyasi uwanjani asubuhi, wakazikanyaga, wakazikojolea, na jioni saisi akazifagia pamoja na samadi, nami nikilalamikia bei. Robota kubwa la duara likiachwa wazi bila kizuizi chochote, zaidi ya nusu yake inaweza kwenda na maji kwa namna hiyo. Hori, au wavu wenye matundu madogo uliofungwa kwa urefu usiomnasa farasi mguu, hulipa gharama yake mapema kuliko mtu anavyotarajia. Marobota nayo yasilazwe juu ya udongo wala sakafu tupu: chaga za mbao chini, paa juu, na nafasi ya hewa kupita kati yake na ukuta. Usafiri nausemea kwa kifupi, kwamba robota lililolegea hujaza lori kwa hewa, na hewa hiyo hulipiwa nauli.

Wauzaji wana utetezi wao, na si wote wasio waaminifu. Wanasema kupima kila robota kutawachukua siku nzima, na kwamba nyasi huendelea kukauka ghalani, hivyo zilizopimwa leo zitakuwa nyepesi baada ya wiki kadhaa na mnunuzi atadai ameibiwa. Hoja ya pili ina ukweli. Ya kwanza siikubali, kwa kuwa hakuna anayetaka kila robota lipimwe. Marobota 10 katika shehena, yaliyochaguliwa na mnunuzi mwenyewe, yanatosha kupata wastani, na lori linaweza kupimwa likiwa tupu kisha likiwa limejaa mahali palipo na mizani ya magari. Muuzaji ninayenunua kwake sasa hutoza zaidi kwa robota kuliko yule wa zamani. Marobota yake yana wastani wa kilo 21, na nilipopiga hesabu ya mwaka mzima nilikuta nimetumia pungufu.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, linahusu ukurasa wenu wa bei za mazao. Mahindi mnayaandika kwa kilo, maharage kwa kilo, hata pumba za kuku kwa kilo; nyasi pekee ndizo mnazoziandika kwa robota. Ikiwa haiwezekani kubadili, basi angalau mwandishi anayekusanya bei hizo abebe mizani, na pembeni ya bei aandike robota hilo lilikuwa na kilo ngapi.

Wako,
Mfugaji wa farasi