Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wachumi wenzangu, baba na mama,

Ya kawaida nitayapita mbio, mnayajua. Tulikutana mara 4 badala ya 6. Tulizika wanachama 2, kila familia ikapata dola 100. Vijana 3 tuliwasaidia minervali, yaani ada ya masomo. Mfuko ulianza na dola 1,140, zikaingia 520, zikatoka 1,385, zimebaki 275. Daftari la chama hakuna aliyelichukua kulinakili upya, kwa hiyo nimelinakili mimi, usiku, kwa macho haya yenye miwani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo limewaleta wengi wenu leo, maana kwenye mikutano mingine sikuwaona.

Imesemwa kwamba mwenyekiti aliamua peke yake mada ya mazungumzo yetu ya mwaka, na kwamba dola 170 za chama zililiwa kwa ajili ya marehemu wa Marekani wakati tuna maprofesa wetu hapahapa Lubumbashi. Sikuamua peke yangu. Komite iliitwa, watu 5; tukafika 2, mimi na mama katibu. Wawili hao hatukupingana.

Na huyo marehemu ni nani? Clifton Wharton, aliyezaliwa Boston mwaka 1926 na kufariki Novemba 2024 akiwa na miaka 98. Aliingia Harvard akiwa na miaka 16. Mwaka 1958 akawa Mweusi wa kwanza kupata udaktari wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mtu wa sifa hizo angeweza kukaa benki. Yeye alikwenda Malaya, ambayo leo ni sehemu ya Malaysia, akafundisha huko na kuchunguza wakulima wadogo, wale wanaolima ili wale kwanza, kinachobaki ndipo kiende sokoni.

Hapa ndipo nilipopigania mada hii, na sioni aibu. Wharton aliandika kwamba mkulima wa namna hiyo akikataa mbegu mpya, msikimbilie kumwita mjinga. Amepiga hesabu. Mbegu ya zamani inampa kidogo, lakini anaijua. Ile mpya ikifeli mwaka mmoja tu, watoto wake hawali. Yule mama anayelima mahindi kwenye barabara ya Kasenga, ambaye sisi wachumi tunampita garini tukitikisa kichwa, anaijua hesabu hiyo kuliko sisi. Na mwaka 1969, watu waliposhangilia mbegu mpya za Asia, yeye alikuwa tayari anauliza: mavuno yakizidi yatauzwa wapi, na mkulima maskini atabaki wapi? Anayesema hayo hayatuhusu, aniambie bukari, yaani ugali, aliyokula jana unga wake ulipita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, au haukupita.

Januari 1970 akashika uongozi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Wao husema rais, sisi tungesema rekta. Alikuwa Mweusi wa kwanza kuongoza chuo kikuu kikubwa chenye Wazungu wengi nchini Marekani. Waliomchagua hawakuwa na sauti moja, na hata miezi 6 haijaisha wanafunzi walikuwa uwanjani kwa ajili ya vita vya Vietnam. Alikaa miaka 8. Kisha akachukua chuo kikuu cha jimbo la New York, kampasi 64. Mwaka 1981 UNAZA yetu, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, ya kampasi 3 inavunjwa, yeye alikuwa anaziongoza 64. Mimi nilisoma UNAZA, najua ninachosema.

Baadaye alisimamia mfuko wa pensheni wa walimu wa vyuo, na mwaka 1993 akawa naibu waziri wa mambo ya nje wa Marekani. Hakumaliza mwaka. Maneno ya pembeni yalivuja magazetini, akajiuzulu. Mimi sijajiuzulu, ingawa maneno ya pembeni ninayasikia pia.

Siku yenyewe, Jumamosi tarehe 15 Novemba, tulikodi viti 60 vya plastiki pale Katuba. Walikuja watu 19, na 4 kati yao ni wajukuu zangu. Mvua ilinyesha, sikatai. Msiba ulikuwa Kamalondo, sikatai pia, ila huo msiba nimeambiwa ulihudhuriwa na watu 12 tu, sasa wengine mlikuwa wapi? Umeme ulikatika nikiwa bado niko Malaya. Nikaendelea kusoma kwa tochi ya simu, mama katibu akiishika, mpaka mkono ukamchoka, akahamia mkono wa kushoto. Mandazi 140 tulirudi nayo kwenye ndoo. Fundi mmoja aliyekuwa akipita akaingia kujikinga mvua, akakaa mpaka mwisho, akauliza swali zuri kuhusu mbolea. Yeye si mwanachama.

Michango. Tuko 67 daftarini, mchango ni dola 20 kwa mwaka. Waliolipa ni 26. Waliobaki 41 wana dola 820 zetu mifukoni, na kati yao wapo waliopiga kelele zaidi kuhusu zile 170. Majina sitayasoma mbele ya watoto.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata mahali petu pa kukutania na pengine mazungumzo 2. Kuhusu profesa wa hapa, anayemtaka amlete, lakini amlete pia na viti.

Vitabu vya hesabu viko kwa baba mweka hazina. Anayetaka kuvikagua anakaribishwa siku yoyote baada ya saa kumi, akiwa na mchango wake mkononi.

Mwenyekiti