Malalamiko: rili ya baharini isiyotaka maji ya bahari

Malindi
10 Machi

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

KUH: RODI YA KUVULIA SAMAKI YA FUTI 14 NA RILI YAKE YA KUKUNJIA MSHIPI NILIZONUNUA KWENU TAREHE 18 JANUARI

Rodi sina neno nayo. Shida ni rili: imekwama baada ya kutumika mara nne tu, na jibu mlilonipa wiki jana limeniudhi kuliko hasara yenyewe.

Mimi huvua ufuoni Mambrui, kaskazini ya mlango wa mto Sabaki. Pale mwamba hauko karibu kama Watamu. Mchanga ni tambarare, mawimbi huvunjikia mbali, na usiporusha mshipi ukavuka fungu la kwanza la mchanga utarudi nyumbani na chambo chako. Yote haya nilimweleza muuzaji wenu kwa simu kabla sijalipa, naye akaniambia nichukue hii.

Siku ya nne ilikuwa bamvua, alfajiri, maji yameanza kupwa. Nilisimama majini hadi magotini, chubwi la gramu 120, kipande cha mkizi kwenye ndoana. Kolekole akashika. Nikamwachia aende, breki ikatoa mshipi labda mita 10, ikalia kama bawaba ya mlango mkuukuu, kisha ikagoma. Mshipi ukakatikia kwenye pete ya mwisho ya rodi. Mzee mmoja aliyekuwa kando yangu na mshipi wake wa mkono akanitazama, akasema, "Mwanangu, kidole hakishiki kutu."

Nilipoifungua mezani nilikuta beringi mbili nyekundu kwa kutu, na girisi imepakwa upande mmoja tu, kana kwamba mpakaji aliitwa chakula. Msiseme sikuitunza. Kila nikirudi niliipangusa kwa kitambaa na maji matamu, nikaianika kivulini.

Nanyi mmenijibu kuwa dhamana ya miezi 12 haihusu uharibifu wa maji ya chumvi. Ubavuni mwa boksi pamechorwa wimbi na kuandikwa kuwa ni rili ya kuvulia baharini. Bahari ipi hiyo mliyokusudia?

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Mimi niliieleza. Nataka rili nyingine yenye beringi zisizoshika kutu, au mnirudishie shilingi 8,200, bei ya rili kwa mujibu wa risiti yenu. Gharama ya kuisafirisha ile mbovu iwe juu yenu. Picha za beringi nimeziambatisha.

Nikikaa siku 14 bila jibu nitalifikisha jambo hili kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Tafadhali msisubiri zitimie. Kaskazi inakwisha, na masika yakianza Sabaki hushusha tope hadi maji ya Mambrui yakawa rangi ya chai ya maziwa. Wiki za kuvua zilizobaki nazihesabu.

Wenu,
Mteja, Malindi