Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: yule kambale wa kwenye picha alikuwa na mayai

Mheshimiwa mwenye dhamana ya uvuvi katika eneo letu,

Shikamoo, na pole na majukumu.

Kwanza nikupongeze kwa picha. Imetufikia wote huku mwaloni, kwenye bwawa la Mtera. Umependeza na miwani yako nyeusi, kambale umemshika matamvua, vijana wawili wanakusaidia mkia, na chini pameandikwa "Utajiri wa bwawa letu". Ambacho picha haikuonyesha ni tumbo lake. Hilo nimeliona mimi, maana ndiye mama niliyeletewa huyo samaki hapa kando ya barabara ya Dodoma–Iringa, nikaambiwa nimkaange haraka, wakubwa wana njaa. Nilipopitisha kisu mayai yalimwagika, ya kijani kibichi, yakajaa sufuria ya ugali yakabaki mengine juu ya meza. Dereva wako akauliza kama yanaliwa.

Ni wiki iliyopita tu, Mheshimiwa, mvua zikiwa ndiyo zimeshika. Kiangazi kilichopita ulisimama mbele yetu ukasema kambale wazazi hawataguswa wakati wa mvua, na kwamba kipimo cha samaki wa kuvuliwa kitatangazwa. Tulipiga makofi. Tukakufungia na perege wa kwenda nao mjini. Perege walifika salama. Kipimo naona bado kiko njiani.

Huenda wasaidizi wako hawajakueleza kwa nini tunamlilia kambale mkubwa. Jike la kambale hubeba makumi ya maelfu ya mayai kwa kila kilo ya mwili wake. Mvua zikianza anapanda kwenye majani yaliyofurika, maji ya magotini, kwenda kutaga, na hapo ndipo anaposubiriwa kwa mikuki na mapanga. Nyavu nazo huchagua vilevile: mkubwa ananasa, mdogo anapenya. Tukiendelea hivi, wanaobaki kuzaa ni wale wanaokomaa wakiwa wadogo.

Wala si Mtera peke yake. Kule Alaska, Marekani, mwaka 1985 mtu alivua kwa ndoano samoni wa kilo 44 katika mto Kenai. Watafiti waliotoa matokeo yao mwaka 2020 walikuta samoni wa aina hiyo, wanaoitwa chinook, wamepungua urefu kwa wastani wa asilimia 8 kuliko walivyokuwa kabla ya 1990, na mayai kwa asilimia 16. Wanarudi mtoni kuzaa wakiwa na umri mdogo. Nchi yenye boti za kila namna na maabara inalia, sisi wenye mitumbwi tunapiga picha. Hata hapa kwetu, Ziwa Victoria liliwahi kuwekewa kipimo cha sangara: asiwe chini ya sentimita 50 wala asizidi 85, ili wazazi wapone. Basi msiniambie haiwezekani.

Mtaniambia pia mvuvi mwenye njaa hatamwachia samaki mkubwa. Mgogo hata mwaka wa njaa hali mtama wa mbegu, tena hajasomea chuo. Na kambale si perege, hafi upesi. Anavuta hewa, anakaa nje ya maji saa kadhaa akiwa hai. Mvuvi akimgeuza anamjua: dume ana kichuchu kirefu karibu na tundu la haja, jike hana. Ni kumwangalia na kumrudisha, basi.

Najua bwawa lina mengine. Mto Ruaha Mkuu, unaolilisha maji, unakauka kiangazi tangu 1993, maji yakichukuliwa huko juu Usangu. Makokoro, zile nyavu za kukokota, nayo yapo, usiku, na nadhani wenye nayo wanajua siku ya doria kabla yetu. Labda hayo ndiyo makubwa kuliko yangu. Lakini mto siwezi kukudai wiki hii.

Mimi ninachojua ni karai langu. Wanaoletwa siku hizi ni vidole vitatu, wakiingia kwenye mafuta wanabaki mifupa, na mafuta hayajapungua bei kwa sababu samaki wamepungua. Abiria wa mabasi wanachungulia dirishani, wanauliza, "Mama, hawa ndio samaki wa Mtera?" kisha wanafunga dirisha. Kikoba kinanidai. Binti yangu yuko nyumbani hadi nitakapopata ada.

Siombi mtaji, siombi jokofu ulilotuahidi (ingawa lile nalo sijalisahau). Naomba tangazo moja: kambale jike mwenye mayai arudishwe majini akiwa hai, mvua hizi. Liandikwe, libandikwe mwaloni, lisomwe na mtendaji. Tena liwahusu na wageni waheshimiwa. Mvua zitakwenda hadi Aprili, kwa hiyo muda upo, lakini ni wiki hii, Mheshimiwa. Si baada ya kikao.

Wako mtiifu,
Mama samaki, Mtera