Ile lastiki ya Gikomba

Wanjiru wangu,

Mambo? Za Eldoret? Pole kwa kunyamaza tangu Pasaka, simu iliingia maji halafu Mama Brayo akalazwa, lakini ashatoka, anakula vizuri. Sasa niko na shida na nataka unisaidie kabla ya Jumamosi.

Wale wasichana wa klabu ya sayansi hapa Umoja niliwaambia mawimbi ya mvutano, ile mitetemo ya anga inayotoka kwa vitu vizito kama mashimo meusi vikigongana, hayazuiliwi na kitu, yanapenya nyota na vumbi, kwa hivyo habari inafika vile ilitoka. Nimesoma usiku kucha nikaona niliwapotosha, na inaniuma. Kupenya yanapenya, lakini anga lenyewe linatanuka wimbi likiwa njiani na wimbi linavutika nalo. Nilinunua lastiki ya suruali Gikomba, nikachora wimbi na biro nikaivuta, vilima vikaachana hivi nikiona. Na hapo ndio kuna balaa, juu mashimo meusi mazito ndio hulia kwa sauti nzito ya polepole, sasa wimbi likivutwa mashimo yanaonekana mazito kuliko yalivyo. Lile la kwanza, Septemba 2015, mitambo ya LIGO kule Marekani ililinasa baada ya safari ya zaidi ya miaka bilioni moja, uzito ulikuwa umezidi kwa kama asilimia 9, ukirekebisha ndio unapata mashimo mawili yenye uzito wa Jua letu mara 36 na mara 29. Na wimbi lenyewe halisemi limevutwa kiasi gani!

Umbali ndio huwaonyesha limevutwa kiasi gani, na huo wanaukisia kwa nguvu ya wimbi. Lakini galaksi ikikaa katikati yetu na chanzo inakuwa kama lenzi, inalikuza, unadhani chanzo kiko karibu, unarekebisha kidogo tu, uzito unabaki umezidi. Zile nyota za nyutroni (mabaki mazito ya nyota zilizokufa) zilizogongana, wimbi lao likanaswa Agosti 2017, angalau mwanga ulikuja pia, wakajua ni galaksi ya NGC 4993. Mashimo mawili meusi gizani utayauliza nani? Narudi kwa hiyo lastiki kila saa, iko hapa mezani, wino umeanza kufutika.

Sasa niambie, nianze kwa kukubali nilikosea ama nianze na lastiki? Na mashimo yenyewe yakiwa yanakimbia kwenda mbali nasi, si hiyo pia inavuta wimbi vilevile, tutatofautisha aje? Unaweza kuja, hata kama ni basi ya usiku? Zile spika bado unazo, wasikie sauti ikishuka? Na Otis, mliongea?

Wako,
Nduku