Yah: Malalamiko ya Kupangiwa Mpinzani kwa Sababu ya Ngazi

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni iliyoandaa mashindano ya sataranji,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilishiriki mashindano yenu ya wazi ya mwezi uliopita. Natumia kiti mwendo.

Mlitangaza mfumo wa Uswisi, ambao kila raundi humkutanisha mchezaji na mwenye pointi sawa naye au zinazokaribiana. Baada ya raundi ya nne nilikuwa na pointi 3.5. Orodha ya raundi ya tano ilipobandikwa ukutani, nikakuta nimepangiwa kijana mwenye pointi 2, meza ya mwisho karibu na mlango. Wenzangu wote wa 3.5 walikuwa ghorofani, na jengo halina lifti. Nilipomuuliza mwamuzi, akanijibu kwa upole kabisa: "Tumekusaidia, ndugu yangu, usihangaike na ngazi."

Kwenye fomu ya usajili niliomba meza ya chini. Niliomba meza, mpinzani sikuomba.

Mchezo ule nilishinda, na ndipo mambo yalipoharibika. Wapo waliosema nimebebwa, nami siwalaumu: wao walikuwa wanatoana jasho huko juu, mimi nimepewa mteremko. Mwisho wa mashindano nikalingana pointi na mchezaji mwingine kwenye nafasi ya tatu, mkatutenganisha kwa Buchholz, yaani jumla ya pointi walizopata wapinzani wa kila mmoja. Yule kijana alimaliza na pointi chache, jumla yangu ikashuka, bahasha ikaenda kwa mwenzangu. Uamuzi mmoja umenipendelea na kuniumiza kwa pamoja!

Wala hapakuwa na ugumu wowote. Programu za kupangia raundi zinaruhusu kumfunga mchezaji kwenye meza moja. Jina la mpinzani linatoka kama linavyotoka kwa wengine, kisha yeye ndiye anayeshuka ngazi.

Yupo pia mwenzetu asiyeona. Kiambatisho D cha sheria za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, kinampa haki ya kutumia ubao wake wenye matundu ya kuchomeka kete, mpinzani akiwa na ubao wa kawaida, na kila hatua itamkwe wazi. Nyinyi mlimpa kimeza cha ubao mmoja. Akauweka wake mapajani, anapapasa kete huku mpinzani akimnong'onezea hatua, eti wasisumbue meza za jirani.

Zawadi siidai, aliyeichukua alicheza kihalali. Ninachotaka ni maelezo ya maandishi: nani aliamuru upangaji ule wa raundi ya tano, na kwa kanuni ipi. Pia mtangaze, kabla ya kufungua usajili wa mashindano yajayo, kwamba mchezaji mwenye ulemavu atawekewa meza maalumu bila kuguswa mpangilio wa wapinzani, na kwamba asiyeona atapata meza inayotosha mbao mbili.

Nimeambatisha picha ya orodha ya raundi ya tano.

Wako,
Mshiriki wa mashindano