Usiongeze kitu kwenye hiyo albamu

Kaka mambo vipi,

Jana usiku nimeisikiliza albamu yako ya dabu (rege iliyotolewa sauti ya mwimbaji, besi na ngoma zikabaki mbele) mara tatu, silali mpaka nikuandikie. Mara ya kwanza niliisikilizia kwenye simu nikaona mbona ya kawaida tu, vigitaa vinachapa chapa, besi siisikii, kumbe tatizo ni simu yenyewe, maana waya mnene wa gitaa la besi unashuka mpaka hezi 41 hivi (yaani mitetemo 41 kwa sekunde) na kispika cha simu huko hakifiki kabisa. Nikachomeka sabufa. Aisee! Ile ngoma ya pili besi ilivyoingia niliisikia kifuani kabla ya masikioni.

Sasa umeniuliza kama utafute mtu aimbe juu yake, eti unaogopa watu watasema ni tupu na kwamba inajulikana umefanya mwenyewe kila kitu. Hapana kaka, usithubutu. Besi yako ndo inaimba. Ile ya nne ni noti tano tu zinazunguka, halafu kabla hazijarudi unaacha kimya kidogo, yaani pale mimi nasubiri kama mtu anasubiri jibu. Na kiki (ile ngoma nzito ya mguu) umeiweka kwenye pigo la tatu kati ya manne peke yake, la kwanza liko wazi, ukimwaga sauti ya mtu hapo umeziba pumzi ya wimbo wote. Mkumbuke King Tubby, gwiji wa dabu, alikuwa fundi wa redio na amplifaya kule Waterhouse, Kingston, Jamaika, studio yake ilikuwa nyumbani, ya traki nne tu (njia nne za sauti), anachukua wimbo wa mtu ulioshaimbwa vizuri kabisa anamtoa mwimbaji, linabaki neno moja linapita na mwangwi wake halafu linapotea, besi na ngoma zinaendelea. Dabu imezaliwa kwa kutoa, we unataka kuongeza!

Ila ya sita sijaipenda, nakwambia ukweli. Mwangwi unarudi sawasawa kila baada ya mapigo manne, mpaka nikajua hii umeichora na mausi kwenye kompyuta. Tubby alikuwa anashika vitufe vya miksa (mashine ya kuchanganya sauti) kwa mkono huku tepu inazunguka, ndo maana wimbo mmoja ukipita kwake mara mbili zinatoka nyimbo mbili. Fanya hivyo, tafuta miksa ya vitufe uiunganishe na kompyuta, irekodi ya sita mwanzo mpaka mwisho mara tano bila kusimama, kidole kikichelewa acha kichelewe, halafu chagua moja.

Melodika (kile kinanda kidogo cha kupuliza) ya mwisho usiiguse hata kidogo, imenikumbusha Augustus Pablo, mpiga melodika wa Jamaika, na zile kazi zake na Tubby za mwaka 1976, ile sauti nyembamba inayolia kwa mbali huku chini besi imetulia.

Ukimaliza ya sita nitumie lile faili zito, sio lililobanwa. Sabufa sijaichomoa.

Wako sana.