Kompresa za mtaani zinakufa kwa kukosa upepo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wenye kompresa: mafundi pancha wa barabarani, wenye gereji, wapiga rangi za magari na yeyote anayejaza upepo kwa mashine ya pistoni inayozungushwa na mota ya umeme. Mimi ni fundi wa kusuka mota, yaani naziwekea nyaya mpya mota zilizoungua, Buguruni. Joto la kaskazi likishaanza, benchi langu hujaa mota za kompresa, na kila anayeleta huja na mshitakiwa wake mmoja: umeme. Umeme ulipungua, umeme uliruka, umeme ulirudi kwa nguvu.

Sikatai, umeme una vituko vyake. Lakini mota ikifunguliwa inajieleza yenyewe. Mota ya fezi tatu, ile inayolishwa na laini tatu za umeme, iliyopoteza fezi moja njiani mara nyingi utaikuta na makoili ya fezi mbili yameungua, ya tatu bado yanang'aa. Hizi ninazoletewa zimeiva mzunguko mzima. Vanishi inayozikinga nyaya imekuwa nyeusi kote, karatasi za kwenye mifereji zinakatika ukizigusa tu. Hiyo haikuuawa siku moja, imepikwa taratibu kwa miezi. Volti ndogo nayo huweza kupika hivyo, ndiyo maana nikipata nafasi huwa nakwenda na mita yangu hadi bandani kupima. Mara nyingi volti nakuta ziko sawa, ila banda ndilo haliko sawa.

Wasomaji wa Dar es Salaam wanazijua hizo fremu. Kibanda cha bati, ndani yake sanduku lingine la bati lenye kufuli mbili kwa ajili ya wezi, na humo ndimo kompresa inapofanyia kazi mchana kutwa. Imesukumwa hadi ukutani ili nafasi ibaki, na upande uliobanwa na ukuta ni uleule wa gurudumu la mkanda. Juu ya sanduku yamepangwa matairi mabovu. Niliwahi kupenyeza kipimajoto ndani ya sanduku la namna hiyo saa nane mchana, nje kukiwa na nyuzi 32. Ndani kilisoma 54. Sasa mota nyingi zimetengenezwa kwa hesabu kwamba hewa inayozizunguka haitazidi nyuzi 40, na sisi wasuka mota tuna kanuni ya zamani: joto la nyaya likizidi kiwango chake kwa nyuzi 10, umri wa ile vanishi hupungua kama nusu. Mwenye banda anaweza kujipigia hesabu mwenyewe.

Hapo bado hatujaigusa pampu. Hewa ikishindiliwa inapata moto hata kama hakuna msuguano wowote. Ukichukua hewa ya nyuzi 30 ukaishindilia kwa pistoni moja hadi bar 8 (psi 116 hivi) bila joto kupata pa kutokea, kwa hesabu inafika karibu nyuzi 290. Katika kazi halisi haifiki huko, kwa sababu silinda inapoteza joto kila wakati. Na inalipotezea wapi? Kwenye yale mapezi yaliyochongwa kuizunguka silinda na hedi, yaani kichwa chake. Pikipiki ya bodaboda ina mapezi ya aina hiyohiyo, tofauti ni kwamba pikipiki inakimbia na kukutana na upepo, kompresa imekaa. Upepo wake lazima uletwe, na mtengenezaji aliuleta kwa njia ya gurudumu. Tazama gurudumu kubwa la pampu: mikono yake haikunyooka, imepinda kama mabawa ya feni. Ni feni kwelikweli. Kazi yake ni kusukuma hewa ya nje ipite kwenye mapezi, na kwa pampu za hatua mbili, zinazoshindilia hewa kwenye silinda moja kisha nyingine, ipite pia kwenye lile bomba linalotoa hewa silinda kubwa kupeleka silinda ndogo.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana ni kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote na halina gharama kulirekebisha. Gurudumu lina mshale, juu yake lenyewe au kwenye kava la mkanda. Pampu nyingi za pistoni zitajaza tanki hata zikizunguka kinyume, kwa sababu vali hazijali pistoni imepandishwa kwa kuzungushia upande gani. Kwa hiyo mwenye mashine anaona geji inapanda, anaridhika. Lakini feni haikubali kugeuzwa. Ikizunguka kinyume inavuta hewa badala ya kuisukuma, tena inaivuta kivivu, na ile hewa iliyokwisha kupashwa na hedi ndiyo inayoburutwa kurudi upande wa mkanda na mota. Kwenye fezi tatu inatosha mtu kubadilishana nyaya mbili wakati wa kuhama fremu. Kwenye fezi moja ni sisi mafundi: koili ya kuanzia ikiunganishwa kinyume baada ya kusukwa, mota inaondoka vizuri tu, kinyume. Kuna gereji ya rangi nilikokuta mashine imeishi hivyo tangu inunuliwe, na vali zake zilikuwa zimebadilishwa kiasi kwamba fundi wao alikuwa ananunua seti mbilimbili. Niligeuza nyaya mbili kwenye kontakta, ile swichi inayowasha mota, kazi ya muda wa kunywa chai. Mshale wenyewe ulikuwepo, ila umefunikwa na vumbi la rangi.

Kuhusu kava nako kuna imani isiyo na msingi. Mota ikichemka, watu hufungua ile kofia ya nyuma inayofunika feni, wakidhani wameipa hewa. Kofia hiyo ndiyo inayoielekeza hewa itambae juu ya mbavu za mota. Ukiitoa, feni inamwaga upepo pembeni na mota inazidi kuchemka. Halafu mtu anapita na mwiko au kamba ya kiatu, mabawa ya plastiki yanakatika, na mota inaletwa kwangu ikiwa na mkia mtupu usio na hata bawa moja. Kava la mkanda lile la waya usilitoe vilevile. Vidole havisukwi upya.

Wauzaji wa mashine za mtumba nao wana lao. Kompresa iliyochoka inapigwa rangi ya mafuta nzito kuanzia tanki hadi hedi, mapezi yakiwemo, hata mara mbili. Inapendeza dukani. Lakini rangi nene ni blanketi, na katikati ya mapezi yaliyokaribiana inaziba kabisa. Kwenye gereji mambo ni yaleyale kwa njia nyingine: oili inavuja kwenye gasketi, vumbi linaganda juu yake, vumbi la brashi na msasa linaongezeka, mwisho silinda inaonekana kama imepigwa lipu. Mafuta ya taa kidogo na brashi ngumu, mashine ikiwa imezimwa, imechomolewa na imepoa, vinaondoa lipu hiyo. Kisha futa na uiache ikauke kabisa kabla ya kuwasha.

Pia naona bomba lenye mapezi kati ya silinda mbili likipasuka, fundi anatafuta kipande cha bomba la kawaida, kifupi, analehemu, maisha yanaendelea. Yanaendelea vibaya. Maana yote ya kuwa na hatua mbili ni kupooza hewa katikati. Ukishindilia hewa hadi presha iwe mara tatu ya ilivyokuwa, ukapooza, ukashindilia tena kwa kiasi hichohicho, kila silinda kwa hesabu inabaki kwenye nyuzi 140 hivi. Ukiondoa kupooza, silinda ndogo inapokea hewa ikiwa tayari ya moto na hapo oili inaanza kuungua na kuwa masizi kwenye vali. Vali yenye masizi haifungi vizuri. Hewa ya moto inarudi ndani, inashindiliwa upya, inakuwa ya moto zaidi. Ukisikia pampu inapiga muda mrefu na geji haipandi, anza kutazama hapo.

Kuna linalonikera zaidi ya hayo, nalo ni kukaza nati ya swichi ya presha, ile inayoizima mota tanki likijaa. Mtu anajaza bajaji na magari madogo ambayo tairi zake hazifiki hata psi 40, lakini tanki lake linazimia psi 120 kwa sababu jirani yake naye anazimia 120. Kama hujazi malori, shusha hadi 90. Kwa hesabu ileile ya pistoni moja, joto la hewa inayotoka kwenye vali linashuka kwa nyuzi kama 40, na mota inapumzika mapema. Wengine wanaweka puli kubwa kwenye mota ili tanki lijae haraka. Linajaa, ndiyo, na pampu inazalisha joto la kasi ambayo mapezi yake hayakupimiwa.

Najua jibu litakuja: wezi. Nakubali, nami nimeibiwa. Lakini mwizi hazuiwi na bati kuliko nondo. Kizimba cha nondo au cha wavu mnene wa chuma pande zote nne, kikafungwa kwenye zege, na bati likabaki juu tu kama paa, likiinuliwa kiganja kizima ili hewa ya moto itoke, kinalinda vilevile. Upande wa gurudumu uache angalau sentimita 30 kutoka ukutani, ikiwezekana zaidi. Kama ni lazima mashine ikae chumbani, weka tundu chini upande wa gurudumu na lingine juu upande wa pili, na ukiweza funga feni ya kutolea hewa kwenye hilo la juu. Na anayevuta hewa ya nje yenye ubaridi anapata faida nyingine: hewa ikizidi joto kwa nyuzi 3 inakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 1, kwa hiyo lile sanduku la nyuzi 54 lilikuwa linamnyima mwenyewe kama asilimia 7 ya upepo wake kila pistoni inapopanda, huku mita ya umeme ikisoma palepale.

Na wenye kliniki na ofisi wanaozifungia kompresa ndogo kabatini na kuzizungushia vipande vya godoro ili zisipige kelele, tafadhali. Sponji inawaka.

Ombi langu kwa wauzaji: mteja akija kununua, iwasheni mashine mbele yake, mwonyesheni mshale, mwambieni pia kwamba hizi ndogo hazikuundwa kupiga bila kupumzika. Kwa vyuo vya ufundi vya VETA, nashauri kozi fupi za jioni kwa mafundi pancha, hata za siku mbili. Ningekuja kufundisha somo la mwelekeo wa feni bila malipo, ingawa mota zikipungua kwenye benchi nitakayepungukiwa ni mimi.

Kwa anayetaka kupima leo: washa kompresa, shika kipande cha karatasi nyembamba upande wa pampu ulio mbali na gurudumu, mkono ukiwa mbali na mkanda. Karatasi ikisukumwa kwenda nje, uko salama. Ikivutwa kuelekea mapezi, zima, kamwite fundi akugeuzie. Kama nafasi ni finyu, Mhariri, punguza kokote, ila hiyo ya karatasi iache.

Fundi wa kusuka mota,
Buguruni, Dar es Salaam